UZI: SHA ni rahisi kwa karatasi. Mbona inamshinda mama mboga?

Kila mjadala wa siasa ukifika kwa afya, pande ni mbili. Huyu: "Watu wengi wamesajiliwa!" Yule: "Hospitali hakuna dawa!" Shida ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Wacha nieleze, na sitaji chama wala mwanasiasa wa mtu.

NHIF ilianza 1966. Sheria mpya ya bima ya afya ikapitishwa 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake. Katikati hapo kulikuwa na kesi ndefu mahakamani, lakini huo ni uzi wa siku nyingine.

Mwenye mshahara sasa anakatwa asilimia 2.75. Wa kiwanda hapa Thika anayepata 20,000 alikuwa anakatwa 750, sasa ni 550. Wa 100,000 alikuwa anakatwa 1,700, sasa ni 2,750. Kwa hivyo mtu akisema "makato yamepanda", muulize: ya nani?

Sasa mama mboga wa Makongeni. Enzi za NHIF alilipa 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. SHA kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Si imeshuka? Kwa karatasi, ndiyo. Lakini asiye na mwajiri anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo.

Na 3,600 kwa mkupuo si sawa na 300 mara kumi na mbili. Hiyo ni stoki yake. Alfajiri ananunua sukuma na nyanya, jioni anahesabu kilichobaki, kesho anarudi sokoni na pesa hiyo hiyo. Ndiyo maana hata chama chake (cha akina mama, si kile kingine) kinakusanya kila wiki, hakingoji Januari. 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa ya mwaka, unarudisha kidogo kidogo. Afadhali. Lakini mimi naona hapo ni kukubali kwamba mpango wenyewe haukufikiria mtu wa pesa ya kila siku. Na deni ni deni.

Halafu 3,600 ni kiwango cha chini tu. Cha kwako kinatokana na maswali: nyumba ni ya nini, choo ni cha aina gani, unapikia nini. Njoo Ruiru uone. Kila mahali ni ploti za mawe, choo ndani, na aliyekodi hapo amekaa mwezi mzima bila kibarua. Ukuta ni wa landlodi! Mfumo ukisoma ukuta, unamsoma landlodi.

Tuje kwa dawa, maana hapa ndipo mijadala huchanganya watu zaidi. Bima na dawa si swali moja. Dispensari na kituo cha afya (ngazi ya 2 na ya 3) vinalipwa na mfuko wa huduma za msingi, ambao ni pesa za serikali, si mchango wako. Ukishasajiliwa unatibiwa hapo bila malipo, hata kama hujalipa ile ya mwaka. Wengi hawajui hili, na ni haki yako.

Shosho wangu anakaa Ruiru, ana presha na sukari. Amesajiliwa. Nilimpeleka kituo fulani, akapimwa bure kabisa, akaandikiwa dawa mbili. Dirishani: "Hii moja hakuna, nunueni nje." Kwa kemisti akauliza kama anaweza kuuziwa za wiki mbili tu. Hizi ni dawa za kumeza kila siku, maisha yote.

Nani wa kuulizwa? Katiba, Jedwali la Nne, inaipa kaunti vituo vya afya na famasia zake. Kaunti hununua dawa nyingi kutoka KEMSA, ambayo ni ya serikali kuu. Kaunti ikichelewa kulipa, mzigo unachelewa. Ukiuliza kaunti, inasema pesa hazijatoka Nairobi. Ukiuliza Nairobi, afya imegatuliwa. Na huko nje kwa kemisti, Bodi ya Dawa na Sumu inasajili dawa na kukagua maduka, lakini haimpangii mwenye duka bei. Uliza ile jenariki, dawa ni ile ile, mara nyingi kwa bei ya chini sana.

Basi kwenye mkutano ujao, mtu akijisifu kwa idadi ya waliosajiliwa, muulize wangapi wamelipa ya mwaka. Akilia kwamba dawa hakuna, muulize kaunti yake ilitenga ngapi ya dawa na imelipa ngapi.

Za Shosho zinaisha Alhamisi. Nikitoka darasani napanda matatu ya Ruiru.