Gavana Hana Kosa

Sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Mhusika wake ni trekta, tena si lile kubwa la kulimia mashamba ya mpunga. Ni trekta dogo la bustani, lenye kiti kimoja na injini ya silinda moja, ambalo Wamarekani hulipanda kukatia majani ya uwanja wa nyumba na, wakati wa baridi kali, kusukumia theluji inayoziba njia.

Matrekta haya yalivuma sana Marekani katika miaka ya 1960. International Harvester waliuza Cub Cadet. Wheel Horse yalitoka South Bend, Indiana. John Deere nao wakaleta lao, namba 110, mwaka 1963, likiundwa katika mji wa Horicon, Wisconsin. Mengi yalifungwa injini za Kohler, kampuni ya Wisconsin hiyo hiyo ambayo wengine huijua kwa masinki na mabafu. Injini zenyewe zilikuwa za chuma cha kusubu, nzito, ngumu kufa. Ndiyo maana mpaka leo utakuta trekta lenye umri wa babu bado linakata majani.

Basi tuseme ni mwezi wa Aprili huko Wisconsin. Theluji imeyeyuka, majani yameanza kuchipua, na mzee mmoja analitoa trekta lake bandani, lilikolala tangu Novemba. Mjukuu wake amesimama pembeni. Mzee anawasha, injini inaitika. Halafu inaanza vituko: vuuum, inapanda, vuum, inashuka, inapanda tena, inashuka tena, wala hakuna aliyegusa kitu. Mzee akiingia kwenye majani marefu, injini inatulia na kunguruma vizuri. Akitoka na kuzima visu, ngoma inaanza upya.

Jirani anachungulia juu ya ua. "Gavana huyo amekufa," anasema. "Ivute hiyo springi yake, itatulia."

Jirani amehukumu haraka. Kabla hatujamfuata, tumjue kwanza huyo anayetuhumiwa.

Gavana ni mlinzi wa mwendo. Ndani ya injini kuna gia ndogo yenye vizito viwili. Injini ikizunguka, gia inazunguka, na vizito vinatanuka kwenda nje. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo vinavyotanuka kwa nguvu, na nguvu hiyo inapita kwenye mkono wa chuma mpaka kwenye kabureta, ambako kuna kibamba cha duara kinachofungua na kufunga njia ya kwenda kwenye silinda. Tukiite mlango. Vizito vinataka kuufunga mlango. Upande wa pili kuna springi inayotaka kuufungua. Vikivutana sawasawa, injini inakwenda mwendo mmoja, iwe inapanda mlima au inateremka. Katika matrekta mengi ya namna hii mwendo wa juu kabisa ni kama mizunguko 3600 kwa dakika, na gavana ndiye anayezuia usivukwe.

Naye si mgeni wa juzi. Mwaka 1788 James Watt, Mskoti, alimfunga kwenye injini ya mvuke: mipira miwili ya chuma iliyoning'inia kwenye mikono, ikizunguka pamoja na mashine. Watt hakumbuni yeye mwenyewe, maana wasaga nafaka walikuwa wameshamtumia katika vinu vya upepo. Lakini baadhi ya mashine zilizofungwa magavana zilionyesha tabia ile ile ya trekta letu, kupanda na kushuka bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, Mskoti mwingine, yule mtaalamu mkubwa wa fizikia ya umeme na nuru, akaandika hesabu za kueleza ni wakati gani gavana hutuliza mashine na ni wakati gani huitikisa. Mimi hufurahi nikikumbuka kwamba kichwa kama kile kilikaa chini kuchungulia mashine inayoyumba.

Turudi Wisconsin. Mjukuu anauliza swali zuri kuliko kauli ya jirani: "Babu, kama gavana ni mbovu, mbona kwenye majani marefu anafanya kazi?"

Hapo ndipo penye siri. Petroli haiungui vizuri peke yake, sharti ichanganywe na hewa, na kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kazi ya kuchanganya ni ya kabureta. Ndani yake mna njia mbili za petroli. Moja ni nyembamba sana na hulisha injini wakati mlango umefunguka kidogo tu. Nyingine ni pana zaidi na huanza kutoa mlango unapofunguka vya kutosha. Sasa fikirini njia nyembamba imeziba nusu. Injini isiyo na mzigo inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Ina njaa. Inalegea, mwendo unashuka. Gavana anauona mwendo umeshuka, naye anafanya alichotumwa: anafungua mlango. Mlango ukifunguka, njia pana inaanza kumimina, injini inashiba ghafla na kuruka juu. Gavana anaona imezidi, anafunga. Njaa inarudi. Na hivyo hivyo, tena na tena, mpaka mwenye trekta azime au tangi liishe.

Kwenye majani marefu mlango unabaki wazi muda wote kwa sababu ya mzigo, na njia pana haijaziba. Ndiyo sababu kelele inaisha. Kwa hiyo gavana tunayemlaumu ndiye mzima. Anapiga kelele kwa sababu mwenzake analala njaa.

Kuna jaribio moja la kuthibitisha, na mzee analijua. Injini ikiwa inapanda na kushuka, anavuta choki kidogo, kidogo tu. Choki hupunguza hewa inayoingia, kwa hiyo petroli inazidi kwenye mchanganyiko. Injini ikitulia hapo hapo, ugonjwa ni njaa, hakuna haja ya mganga mwingine. Trekta letu linatulia. Jirani anakohoa kidogo na kuangalia mawingu.

Swali linalobaki ni njaa imetoka wapi. Mzee haanzi na spana, anaanza na kifuniko cha tangi. Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, petroli inashindwa kushuka. Anakilegeza, hakuna mabadiliko. Anatazama filta ya petroli na mpira wa kupitishia mafuta, navyo viko salama. Anainusa petroli kwenye tangi, na uso wake unakunjamana.

Petroli huchakaa, watoto. Sehemu yake nyepesi huruka, na inayobaki hugeuka utando wa kunata, rangi ya kahawia, unaoganda hasa kwenye vitundu vyembamba kuliko sindano. Tena petroli nyingi ya Marekani huchanganywa na ethanoli, mpaka asilimia 10, na ethanoli hufyonza maji ya hewani. Miezi ya kulala bandani yatosha kabisa kufanya uharibifu huo. Mzee alipaswa kumwaga petroli yote mwezi wa Novemba, au kuiacha injini iungurume mpaka kabureta ikauke.

Kazi yenyewe wanaifanya nje, injini ikiwa imepoa na waya wa plagi umechomolewa, wala hakuna anayewasha kiberiti. Kabureta inafunguliwa. Kibakuli chake cha chini kina matope ya kahawia. Mzee anapulizia dawa ya kusafishia kabureta, kisha upepo wa kompresa, mpaka kila kitundu kionyeshe mwanga upande wa pili. Mjukuu analeta waya mgumu wa chuma ili achokonoe, mzee anaukataa. Vitundu hivyo vimetobolewa kwa kipimo, na waya wa chuma ukivikwaruza vinatanuka, halafu hakuna dawa ya kuvirudisha.

Kabureta za zamani zina heri moja ambayo nyingi za leo hazina: skrubu za kurekebisha petroli kwa mkono, moja ya mwendo mdogo na nyingine ya mzigo. Tangu Marekani ilipoanza kubana moshi wa injini ndogo, mwaka 1997, watengenezaji wengi wameziondoa au kuzifunga. Sheria ile ilisafisha hewa, sina ugomvi nayo, lakini mafundi wa uani walipoteza rafiki.

Na kama kabureta ingekuwa safi? Mzee angetafuta mahali hewa inapopenya kwa wizi, hasa gasketi iliyo kati ya kabureta na injini. Angenyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma, na sauti ikibadilika, mwizi kapatikana. Baada ya hayo yote ndipo angemwendea gavana: je, fimbo zake zinateleza au zimeshika kutu, je, springi imevutika, au kuna mtu aliyewahi kuihamishia kwenye tundu lisilo lake na kumfanya gavana awe na pupa? Hayo hutokea kweli. Ila kuvuta springi kwa kubahatisha ni hatari, maana injini inaweza kupita mwendo wake, fimbo ya pistoni ikakatika na kutoboa bloku. Trekta la miaka 60 likifa hivyo, linakwenda kuuzwa kama chuma chakavu.

Siku hiyo mambo hayakufika huko. Petroli mpya ikatiwa, skrubu ya mwendo mdogo ikageuzwa kidogo kidogo mpaka sauti ikanyooka, na mjukuu ndiye aliyepanda kiti.

Ninyi huenda msione trekta la namna hii, lakini jenereta ndogo ya petroli mnaijua, nayo ina gavana wake. Kazi yake ni ngumu zaidi, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na nyingi za jenereta hizo hutakiwa kuzunguka mara 3000 kwa dakika. Mwendo ukiyumba, taa zinang'aa na kufifia. Mkiisikia ya jirani ikipanda na kushuka, mwambieni fundi kwa adabu aanze na petroli na kabureta, springi aiache mpaka mwisho. Na jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.