Kabla ya kushusha injini: Kiini cha klachi ya Beetle kutetemeka

MWENYE gari kuukuu aina ya Volkswagen Beetle huijua vyema fedheha hii. Foleni inaanza kusonga, anatia gia ya kwanza, anaachilia klachi taratibu, kisha gari zima linatetemeka kama mgonjwa wa malaria kabla ya kuondoka. Akiwa mlimani au akirudi nyuma, mtetemo huzidi, na injini huweza kuzima huku magari mengine yakimkaribia.

Wengi wakifika gereji huambiwa kwamba klachi imekwisha na sharti injini ishushwe. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, katika gari hili chanzo cha tatizo mara nyingi huwa nje ya klachi yenyewe, na tiba yake ni washa mbili tatu za bei nafuu.

Beetle si gari geni Afrika Mashariki. Mnamo 1962 liliibuka mshindi wa mbio za Safari Rally likiendeshwa na Tommy Fjastad. Lakini la mwisho kabisa liliundwa nchini Mexico mnamo Julai 2003. Kwa hivyo, vipuri asilia vinazidi kuadimika, na kuvitupa pasipo sababu ni hasara maradufu.

Klachi ndiyo huunganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Ndani yake mna sahani ya msuguano inayobanwa kati ya gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili, na sahani ya kubania, yaani presha pleti. Dereva anapoachilia pedali, sahani hiyo inafaa kushika polepole na kwa usawa. Ikishika na kuteleza kwa zamu, mara nyingi katika sekunde moja, ndipo gari hutetemeka.

Injini ya Beetle imo nyuma. Pedali huvuta waya mrefu unaopita chini ya sakafu hadi kwenye giaboksi. Karibu na mwisho wa safari yake, upande wa kushoto, waya huo hupitia ndani ya bomba fupi linalopindika, liitwalo bomba la Bowden. Bomba hili halipaswi kunyooka. Linatakiwa kubonyea kuelekea chini kwa milimita 25 hadi 45. Mpindo huo huusugua waya kidogo na kuuzuia usirudi kwa ghafla. Bomba likinyooka, injini inapotikisika huuvuta waya na kuulegeza, nayo klachi hushika na kuachia bila amri ya dereva.

Hivyo basi, hatua ya kwanza ni kupima mpindo huo. Gari liinuliwe na kuwekwa juu ya vihimili imara, wala si jeki pekee. Iwapo bomba limenyooka, washa huongezwa kati ya ncha yake ya nyuma na kishikizo kilicho kwenye giaboksi. Baadaye nati yenye mabawa iliyo mwishoni mwa waya hurekebishwa hadi pedali iwe na nafasi huru ya milimita 10 hadi 20.

Hatua ya pili ni kukagua mipira inayoishikilia giaboksi, mmoja mbele na miwili nyuma. Mipira iliyopasuka au kulainishwa na oili huiacha injini ichezecheze, na mtetemo hauishi hata klachi ikiwa mpya.

Tatizo likidumu baada ya hatua hizo, hapo ndipo injini hushushwa. Adui mkuu huwa ni oili iliyofikia sahani. Ikiwa ni oili ya injini, sili iliyo nyuma ya flaiwili imechakaa. Ikiwa ni nzito na yenye harufu kali ya kiberiti, imetoka katika giaboksi. Sahani iliyolowa oili hubadilishwa pamoja na sili iliyovuja, la sivyo sahani mpya itaharibika vivyo hivyo. Flaiwili na presha pleti nazo hukaguliwa kama zina mikwaruzo, nyufa au madoa ya samawati yatokanayo na joto kali.

Aidha, mafundi wanafaa kujihadhari na vumbi. Sahani nyingi za zamani ziliundwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Vumbi hilo lisipulizwe kwa upepo wa mashine wala kwa mdomo, bali lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, na fundi avae barakoa inayofaa.

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Anayeanza na washa, akaendelea na mipira, akamalizia na injini, huenda akaokoa fedha zake na vipuri asilia vya gari ambalo halitaundwa tena.