Kusi, Kaskazi na Hesabu ya Miongo

Mtu wa bara akishuka Lamu mwezi Juni akaziona mashua zimepandishwa ufuoni, huuliza kama wavuvi wamelala. Hawakulala, bwana. Kusi imekaza.

Pepo zetu, msomaji, zaamriwa na Asia. Bara lile likipoa, upepo hutoka huko ukatujia: ndiyo kaskazi, Desemba hata Machi. Likipata moto, upepo hugeuka kulifuata joto: ndiyo kusi, tangu Aprili. Kwa kaskazi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalitushukia na tende, chumvi na mazulia. Kwa kusi yakarudi na boriti za mikoko. Lakini Juni na Julai nahodha mwenye akili hakung'oa nanga, alingoja demani.

Kaskazi pia ndiyo neema ya mvuvi. Bahari hutulia, na mkondo utokao Usomali hukutana na mkondo wetu upande wa Lamu, maji ya chini yenye rutuba yakapanda juu, samaki wakayafuata. Wakati wa kusi ni deni dukani.

Sasa, wazee walizijuaje siku hizi? Si kwa mwezi. Mwaka wa Hijra wapungua siku zipatazo 11, ndipo Ramadhani ikazunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Mimi nimeifunga katika jua la Februari na katika masika ya Mei. Mwezi ni wa ibada. Kwa jembe na tanga waliweka hesabu ya jua ianzayo Nairuzi: siku 365, zikihesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi. Nayo ina kasoro yake. Haina siku ya nyongeza, hivyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka 4, na leo watu wa Makunduchi, Unguja, huukoga mwaka mwezi Julai. Kwa miaka 50 ni siku 12 na ushei. Aliyeshika mwongo wa babuye bila kuurekebisha alitia mbegu katika mchanga mkavu.

Na bahari yenyewe yabadilika. Mwaka 1998 ilipata moto hata matumbawe mengi ya pwani hii yakageuka meupe, yakafa.

Juzi kijana mmoja mwenye mashua ya mashini aliniuliza, "Ami, leo mwongo wa ngapi?" Chuoni nilisomeshwa Kurani na hesabu ya mwezi, hii sikuishika. Nikaona haya. Tukaenda kwa mzee mmoja, tukamkuta barazani baada ya alasiri. Alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha akamwambia kijana azianue nyavu kabla ya Ijumaa.