Mbega wa Diani na Kazi ya Balozi

Paukwa! Pakawa!

Haya, sogeeni wanangu. Mmoja wenu ameniuliza, "Mjomba, mshauri wa usalama wa taifa hufanya kazi gani? Ana bunduki?"

Swali zuri hilo! Wakubwa wengi husikia cheo hicho redioni na hawaulizi. Wewe umeuliza. Basi leo atakujibu mbega.

Mbega mnamjua. Ni yule kima mweusi mwenye manyoya meupe mabegani na mkia mrefu, anayekula majani kwenye miti ya Diani. Siku moja mtazame mkono vizuri. Hana kidole gumba! Sasa, barabara ya Diani imeukata msitu wake katikati. Analala huku, chakula kiko kule. Akishuka chini, gari humgonga. Ndipo watu wanaowahifadhi mbega wakamtundikia ngazi za kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti.

Mbega akasema, "Kabla ya mshauri, mjueni kwanza balozi. Balozi ni kama ngazi yangu. Imefungwa pande zote mbili. Ikifungwa upande mmoja tu, nitaanguka."

"Lakini mbega, si marais wapigiane simu tu?"

"Simu hupigwa siku ya shida," akajibu mbega. "Ngazi hufungwa kabla ya shida."

Mmeona? Balozi huenda kuishi katika nchi ya watu. Huwazoea, hula nao, hujua nani mkali na nani msikivu. Siku mvuvi wa Vanga akipelekwa na upepo hadi maji ya Tanzania, balozi ana mtu huko wa kusema naye kwa upole. Bahari haina ukuta, wanangu, na samaki hawajui mpaka.

"Na mshauri je?"

Mbega akakohoa kidogo. Anapenda kusikilizwa, huyu. "Kabla kundi letu halijavuka, mmoja wetu hukaa juu akaitazama barabara. Akiona hatari, hunguruma. Huyo ndiye mshauri."

Basi mshauri hana bunduki. Ana masikio. Wanajeshi wana habari zao, polisi wana zao, majasusi wana zao, mabalozi wana zao. Mshauri huzisikiliza zote, akazipanga, kisha akamweleza Rais. Na wakubwa wa nchi wana kikao cha mambo ya usalama: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 240, imeweka Baraza la Usalama la Taifa. Humo wamo Rais, Naibu wake, mawaziri wa ulinzi, wa mambo ya nje na wa usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, mkuu wa ujasusi na mkuu wa polisi. Wakubwa wote hao! Na mara nyingine kazi ya mshauri ni kuwaambia "bado" wakati kila mtu ana hamu ya kuvuka. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Hapa Kenya, mwaka 2022, Rais William Ruto alimteua Dkt. Monica Juma kuwa mshauri huyo. Je, alitoka wapi? Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Akawa balozi nchini Ethiopia, ambako Umoja wa Afrika una makao yake. Akarudi nyumbani, akawa katibu wa wizara, kwanza Ulinzi, kisha Usalama wa Ndani.

"Hakuwahi kushindwa, Mjomba?"

Alishindwa! Nafurahi umeuliza. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitaka awe Katibu wa Baraza la Mawaziri. Wabunge wakamkataa, tena hadharani. Je, alikwenda kulala? Hakulala. Mwaka 2016 akawa katibu wa Mambo ya Nje. Mwaka 2018 akawa waziri wa wizara hiyohiyo, 2020 Ulinzi, 2021 Nishati. Wabunge waliomkataa sijui walijificha wapi.

Huko Marekani yuko mama mwingine, Susan Rice, aliyepita njia kama hiyo. Mwaka 1998 alikuwa akisimamia mambo ya Afrika katika wizara yao ya nje. Tarehe 7 Agosti mwaka ule ubalozi wao wa Nairobi ulilipuliwa kwa bomu, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao Wakenya. Mwaka 2009 akawa balozi katika Umoja wa Mataifa, na kutoka 2013 hadi 2017 akawa mshauri wa usalama wa Rais Obama. Ubalozi kwanza, ushauri baadaye. Kwa nini? Kwa sababu aliyewahi kukaa na watu wa ng'ambo anajua jinsi wanavyotutazama sisi.

"Mjomba, na mimi wa Msambweni nitaweza?"

Mbona usiweze? Chirau Ali Mwakwere ni mzaliwa wa Golini, hapahapa Kwale. Mwaka 2004 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 9 Januari 2005, mkataba wa kumaliza vita vya miaka zaidi ya 20 nchini Sudan ulipotiwa saini Nairobi, waziri alikuwa yeye. Baadaye akapelekwa kuwa balozi wa Kenya nchini Tanzania, nchi ambayo ukifika mpakani Lunga Lunga unaingia kwa miguu.