Umri Huja Wenyewe, Nyumba Hujengwa

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika makala haya ningependa tufungue milango ya nyumba kadhaa za hapa nchini Kenya. Nia yangu si kupiga umbea, la hasha! Nataka tuone jambo moja: jinsi umri wa mtu unavyobadilisha mahali anapolala, na jinsi mahali hapo panavyombadilisha yeye mwenyewe. Msomaji mpendwa, kaa kitako tuanze.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha kwamba maisha ni ngazi. Anayezaliwa ni mtoto mchanga. Msichana ambaye hajavunja ungo ni kigori, na akishavunja ungo ni mwari. Mvulana aliyebalehe, akapata nguvu na bado hajaoa, ni barobaro. Kisha kuna mtu mzima, mzee, na mwisho kabisa shaibu, au ajuza ikiwa ni mwanamke. Majina haya hayakutungwa ili kupamba insha. Kila jina lilikuja na kazi yake, haki zake na, kama tutakavyoona, kitanda chake.

BOMA LA KIJALUO

Nianze nyumbani kwetu Siaya, maana mcheza kwao hutuzwa. Boma la Kijaluo huitwa dala. Mgeni akiingia anaweza kudhani nyumba zimejengwa ovyo ovyo tu. Kumbe boma ni kama kitabu. Ukijua kulisoma utamjua mkubwa na mdogo bila kuuliza.

Nyumba ya mke wa kwanza hukaa upande wa juu, ikitazama lango. Mtoto mdogo hulala humo na mamake. Zamani, alipoanza kupata akili, alihamia kwa nyanya katika nyumba iliyoitwa siwindhe. Huko ndiko wasichana walikolala, wakasimuliwa ngano, wakategewa vitendawili na kufunzwa mambo ya unyumba ambayo mama mzazi angeona haya kuyataja. Mvulana naye alipokua hakuruhusiwa kuendelea kulala chini ya paa moja na wazazi wake. Alijenga simba karibu na lango. Usishtuke, msomaji, simba huyu hana meno! Hiyo ni nyumba ya kijana ambaye bado yuko kwa babake.

Kijana alipooa, mkewe aliletwa mumo humo kwenye simba. Hata hivyo bibi arusi hakuwa na jiko siku hiyo ya kwanza. Alipika kwa mama mkwe, akajifunza desturi za nyumba ile, mpaka siku alipopewa mafiga yake mwenyewe. Kwa hivyo hata kupika kulikuwa na ngazi zake.

Ngazi kubwa zaidi ilikuwa kuanzisha boma jipya, yaani goyo dala. Mwanamume mwenye mke na watoto alitoka kwa babake akaenda kwenye kiwanja chake. Kifungua mimba wa kiume alibeba shoka, kulikuwa na jogoo, na mke alibeba moto. Ndugu hawakurukana: mkubwa alitangulia, wadogo wakafuata. Kitinda mimba ndiye aliyebaki na wazazi, akarithi boma la baba. Baba naye alipozeeka alikaa kwenye kibanda kilichoitwa duol, karibu na zizi la ng'ombe, akaota moto na kuwafunza wanaume wadogo kwa wakubwa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangwa. Kila mara mtu alipohama nyumba, alikabidhiwa wajibu mpya. Mwenye simba alipaswa kukata miti, kuezeka nyasi na kulinda lango. Mwenye dala alipaswa kulisha watu. Mwenye duol alipaswa kuwa na hekima. Hakuna aliyepewa paa bila kupewa kazi.

Uzito wa mambo haya ulionekana na Kenya nzima katika kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi mwezi wa Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, alitaka azikwe Upper Matasia huko Ngong, ilhali ukoo wa Umira Kager ulisema azikwe Nyalgunga, Siaya. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba nzuri mjini, lakini nyumba siyo dala. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987. Miezi mitano watu walibishana juu ya swali moja: kwa mtu huyu, kwao ni wapi?

NA MSICHANA JE?

Hapa ndipo ninapokwama. Kaka yangu alipotimiza miaka 15 alijengewa simba ya mabati. Mimi nilipofika umri uo huo nilipewa godoro kwa nyanya. Nilipomuuliza sababu, alicheka akaniambia, "Mjukuu wangu, msichana ni mgeni. Nyumba yake iko mbele." Kwa mila zetu binti hana simba wala hapigi dala. Ngazi zake zote ziko kwenye boma la mtu mwingine. Hata akifariki kabla ya kuolewa, desturi ilikuwa azikwe nje ya ua.

Nilidhani hivyo ndivyo ulimwengu mzima ulivyo, mpaka mwanachama mwenzangu mmoja anayetoka Lamu aliponieleza habari za kwao. Katika mji wa kale wa Lamu, miongoni mwa familia zenye uwezo, mtoto aliyefikiriwa nyumba ni wa kike! Nyumba za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta zake nene zikaweza kubeba ghorofa nyingine juu. Binti alipokaribia kuolewa, wazazi walimjengea ghorofa au wakampa nyumba jirani. Kama kulikuwa na uchochoro katikati, walijenga chumba kinachopita juu ya njia kuunganisha nyumba hizo mbili. Chumba hicho huitwa wikio. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ukitembea Lamu leo na kuona wikio juu ya kichwa chako, ujue huenda palikuwa na binti hapo ambaye wazazi hawakutaka aende mbali.

Na Wamaasai nao wana yao. Vijana wa rika moja hupanda ngazi pamoja. Wakishatahiriwa huwa morani na huishi katika manyatta yao, kisha sherehe ya Eunoto huwafungulia njia ya kuoa. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha sherehe hizi miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tena nyumba ya Kimaasai hujengwa na mwanamke, kwa fito, udongo na samadi. Mume hana nyumba isipokuwa ile ya mkewe.

Kwa hivyo, wenzangu, mila siyo moja. Mahali pamoja mvulana hupewa nyumba, pengine msichana hupewa, na kwingine msichana hujenga. Anayesema mwanamke hawezi kuwa na kwao anasema habari za kijiji chake tu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Katiba ya mwaka 2010 nayo inataka mila zinazombagua mwanamke katika mambo ya ardhi ziondolewe. Shida ni kwamba sheria hukaa kwenye karatasi na wazee hukaa barazani. Wasichana, tusome sheria hizo, halafu twende tukae nao baraza moja.

NGAZI ZA SIKU HIZI

Leo mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande. Wapo vijana wenye miaka thelathini na zaidi ambao bado wako simba, si kwa kupenda, bali hawana pa kupiga dala. Mjini ni balaa zaidi. Familia ya watu sita inakodi chumba kimoja, na pazia ndilo simba, ndilo siwindhe, ndilo kila kitu. Duol iko wapi? Babu ameachwa mashambani peke yake, na ile hekima anawaambia kuku.

Ngazi nyingine zimerefuka. Zamani mwari hakukaa sana kabla ya kuolewa. Siku hizi Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema hakuna kuoa wala kuolewa kabla ya miaka 18. Katikati pamezaliwa hatua mpya, nayo ni shule. Neno bweni ni la zamani. Lilikuwa nyumba ya kulala vijana ambao hawajaoa. Sasa bweni letu ndilo siwindhe, lakini hamna nyanya ndani. Tunalala arobaini, sote umri mmoja, na kila mmoja anamfunza mwenzake asichokijua. Ndiyo maana mtu anamaliza shule ana ndevu lakini hajui kushona kifungo, au ana kitambulisho lakini hajui kusuluhisha ugomvi wa wadogo zake.

Hata ukiniuliza, sisemi turudi kwenye nyumba za nyasi. Ninalosema ni kwamba umri huja wenyewe, hata ukilala. Ukubwa hauji hivyo. Ukubwa hukabidhiwa, na asiyekabidhiwa budi autafute. Likizo hii ukifika nyumbani, kama ni simba, kama ni ghorofa au ni nyuma ya pazia, uliza: kwa umri wangu huu, kazi yangu hapa ni ipi? Kisha mtafute babu au nyanya, keti karibu naye, umwache aseme. Wazazi nao ningewaomba jambo moja. Mnapopima kiwanja cha kaka, pimeni na cha dada.