Nicolai Gedda: mshika mengi asiyeponyokwa

Mshika mbili, walisema wahenga, moja humponyoka. Katika uimbaji wa opera huko Ulaya methali hii ni kama sheria. Mwenye sauti nyepesi huambiwa asiguse nyimbo nzito. Mtaliano huambiwa ashike Kitaliano chake, na Mjerumani Kijerumani chake. Anayetia mguu kila penye jukwaa aghalabu sauti humkauka angali mtu mzima mwenye nguvu zake.

Lakini alikuwako Mswidi mmoja, Nicolai Gedda, aliyeimba Kirusi hata Warusi wakamkubali, Kifaransa hata Wafaransa wakamwita wao, na juu ya hizo Kijerumani, Kitaliano, Kiingereza na Kiswidi chake mwenyewe. Aliacha santuri zipatazo 200, na alipopita umri wa miaka 75 bado alikuwa akiitwa kurekodi. Je, yeye mbona hakuponyokwa? Hilo ndilo tunalotaka kulichungua leo.

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tueleze kazi yenyewe. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao wahusika wake, badala ya kusemezana, huimba. Msomaji aliyezoea taarabu amezoea kumwona mwimbaji mbele ya kipaza sauti. Katika opera hakuna chombo hicho. Mbele ya jukwaa hukaa wapigaji ala sitini au zaidi, na sauti ya mtu mmoja lazima ivuke ala zote hizo imfikie aliyekaa kiti cha mwisho, katika ukumbi wa watu elfu mbili au tatu. Sauti ya juu ya kiume huitwa tenori, na mwenye nayo ndiye apewaye nafasi ya kijana mpenzi, shujaa au mwana wa mfalme. Gedda alikuwa tenori.

KAZI NI KULEA MWANA

Alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 11 Julai 1925. Wazazi wake walikuwa vijana maskini ambao hawakuoana. Mtoto akachukuliwa na shangazi yake, Olga, ambaye alimlea pamoja na mwenzake, Mrusi aitwaye Mikhail Ustinov. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nicolai alikua akiwajua hao kuwa ndio mama na baba, na ukweli wa kuzaliwa kwake aliupata baadaye, alipokuwa kijana.

Ustinov mwenyewe alikuwa mwimbaji mwenye sauti nzito ya besi, na alikuwa amepata kuimba katika kundi mashuhuri la Don Cossack. Mnamo 1929 alipata kazi ya kuongoza waimbaji wa kanisa la Kirusi mjini Leipzig, Ujerumani, na jamaa yake ikahamia huko. Alikuwa mlezi mkali. Mtoto alifundishwa kusoma noti za muziki angali mdogo sana, akaimba pamoja na watoto wenziwe chini ya jicho lake. Mwaka 1934, baada ya Hitler kushika utawala, walirudi Stockholm.

Kwa hiyo Nicolai alipofikia miaka tisa, kinywani mwake mlikuwa na lugha tatu: Kirusi na Kiswidi za nyumbani, na Kijerumani cha shule na mitaa ya Leipzig. Shuleni Stockholm akaongeza nyingine. Lugha hizo hakuzipata kwa ajili ya muziki. Alizipata kwa ajili ya maisha, na muziki ukazikuta tayari.

KARANI WA BENKI

Alipokua hakwenda moja kwa moja jukwaani. Aliajiriwa karani katika benki mjini Stockholm, akihesabu fedha za watu. Siku moja alimdokezea mteja kwamba alikuwa akitafuta mwalimu wa kuimba. Mteja yule akamtajia Carl Martin Öhman, tenori aliyevuma miaka ya 1920. Öhman alipomsikia alikubali kumfundisha, na mwanzoni hakumtoza senti hata moja, mpaka kijana aliposhinda tuzo iliyomwezesha kulipa ada yake.

Tarehe 8 Aprili 1952, akiwa na umri wa miaka 26, alipanda jukwaa la Opera ya Kifalme ya Stockholm katika mchezo wa Mfaransa Adolphe Adam, Le postillon de Lonjumeau. Mchezo huo, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1836, ni hadithi ya mwendesha gari la farasi mwenye sauti ya ajabu, anayechukuliwa siku ya harusi yake akaimbe Paris. Wimbo wake mkuu una noti ya juu mno ambayo tenori wengi huikwepa. Gedda aliifikia kama mtu apandaye ngazi ya nyumbani kwao.

Mwaka ule ule alifika Stockholm Walter Legge, Mwingereza aliyesimamia kazi za kurekodi za kampuni kubwa ya santuri. Alikuwa akitafuta waimbaji wa kurekodi Boris Godunov, opera ya Kirusi ya Mussorgsky. Alipomsikia karani huyu wa jana, alipeleka simu za maandishi kwa kondakta Herbert von Karajan na kwa mkuu wa jumba la La Scala mjini Milano, Italia. Kabla mwaka haujaisha Gedda alikuwa Paris akirekodi nafasi ya Dmitri pamoja na mwimbaji mashuhuri wa besi, Boris Christoff. Ile lugha aliyoipata mezani kwa Ustinov ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1953 aliimba La Scala, na mwaka 1954 Paris.

LUGHA NDIYO SAUTI

Huenda msomaji akauliza: je, sauti si sauti, lugha yahusu nini? Yahusu sana. Kitaliano kina irabu safi, zilizo wazi, zinazokaribiana na irabu zetu za Kiswahili. Mwimbaji hufungua kinywa na sauti ikatoka. Kifaransa hupitisha baadhi ya irabu zake puani. Kijerumani hufunga maneno mengi kwa konsonanti, na mwimbaji asipokuwa hodari hukata wimbo vipande vipande. Kirusi nacho kina sauti zake nzito na laini ambazo mgeni huzichanganya. Anayeimba lugha zote hizo kwa koo la lugha moja, msikilizaji humjua papo hapo, kama tumjuavyo sisi mgeni kwa salamu yake ya kwanza.

Gedda hakubeba koo moja kila aendako. Katika jumba la Metropolitan, New York, alianza tarehe 1 Novemba 1957 kwa opera ya Kifaransa, Faust. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Januari 1958, alikuwa hapo hapo katika onyesho la kwanza kabisa la Vanessa, opera ya Mmarekani Samuel Barber, na waliomsikia walisifu Kiingereza chake. Mwaka 1972 jumba hilo lilipoonyesha opera ya Tchaikovsky ya Malkia wa Shupaza kwa Kirusi chenyewe, nafasi ya Hermann alipewa yeye. Mpaka alipoondoka mwaka 1983, alikuwa ameimba humo mara 367, katika nafasi 28 mbalimbali.

Santuri zake nazo zaeleza hayo hayo. Yumo katika Carmen iliyorekodiwa mwaka 1964 na Maria Callas. Yumo katika michezo myepesi ya kuchekesha ya Vienna, na yumo katika kazi nzito za Bach chini ya kondakta Otto Klemperer. Mwaka 1975 alirekodi kazi ya Mwingereza Elgar, na mwaka 1978 opera ya Shostakovich.

ALIPOREJESHA MGUU

Lakini sifa ya Gedda haikukaa katika wingi wa aliyoyakubali peke yake. Mwaka 1966 aliimba Lohengrin ya Richard Wagner mjini Stockholm. Muziki wa Wagner ni bahari kuu: ala ni nyingi, mchezo ni mrefu wa saa nyingi, na tenori lazima apaze sauti juu ya yote hayo. Aliimba, akasifiwa. Bayreuth, mji wa Ujerumani wenye jumba alilolijenga Wagner mwenyewe kwa ajili ya kazi zake, wakamtaka. Kwa mwimbaji yeyote huo ni mwaliko wa kutamba nao maisha yake yote.

Gedda akarejesha mguu. Alitambua kwamba uzito ule ungeiumiza sauti yake, na safari ya Bayreuth akaiacha. Tukumbuke kwamba riziki ya mwimbaji hutegemea mikunjo miwili ya nyama kooni, yenye urefu wa kama sentimita mbili tu. Uzi wa udi ukikatika hununuliwa mwingine dukani. Koo halina duka. Wako tenori wengi waliovutwa na nyimbo nzito kwa sababu zililipa na kushangiliwa, wakarudi bila hata zile nyepesi walizokuwa nazo. Yeye aliona afadhali akose sifa moja kubwa kuliko kuzipoteza zote ndogo zilizomlisha.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 2003, wenzake wa rika moja wakiwa wamenyamaza zamani, alirekodi sehemu ndogo katika Idomeneo ya Mozart. Alifariki dunia tarehe 8 Januari 2017 nyumbani kwake Tolochenaz, nchini Uswisi, akiwa na umri wa miaka 91.

Mwaka 1977 alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake kwa Kiswidi, na jina alilokipa maana yake ni kwamba kipawa si cha bure. Mtoto wa kulelewa, mwanafunzi wa mlezi mkali, karani aliyefundishwa bila ada: yeye alijua vipawa hulipiwa na nani. Mwanzo walimlipia wengine. Baadaye alilipa mwenyewe, kwa kujifunza kila lugha mpaka mzizi wake na kwa kukataa lililozidi nguvu zake.

Basi methali ya wahenga ingali kweli. Mshika mbili moja humponyoka. Lakini Gedda hakungoja imponyoke. Aliitazama mikono yake, akajua itabeba ngapi, na iliyozidi akaitua chini mwenyewe.