Je, Wajua? Athi Ndiyo Huzima Gari la Kulala Pwani

Je, wajua kuwa betri ya gari inaweza kuonyesha volti 12.6 kwenye mita, kiwango cha betri ya asidi iliyojaa, na papo hapo friji iliyounganishwa na betri hiyo ikagoma kuwaka kwa kukosa umeme? Mita iko sawa na friji iko sawa. Tatizo liko kati ya betri na friji, kwenye waya na maungio yake.

Ukanda wa kusini wa Pwani ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Shimoni, hupokea magari ya kulala ya kila namna. Mengine yamevuka nchi kadhaa za Afrika kwa barabara. Mengine ni zile vani za watalii zenye paa la kuinuka tulizozoea kuziona njia ya Tsavo, zikang'olewa viti vya nyuma na kuwekewa kitanda, sinki, friji ndogo, na paneli ya sola juu. Yakishaegeshwa karibu na bahari kwa muda, kuna ugonjwa mmoja ambao wenye magari haya huulalamikia sana: stima huja na kuondoka. Taa hufifia friji inapoanza kunguruma. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hulia, huzima, kisha hujiwasha tena kabla mwenyewe hajainuka kitandani. Asubuhi fundi akija, kila kitu kinafanya kazi, na hilo ndilo linalochosha, kwa sababu hitilafu iliyojificha haina pa kushikwa. Basi lawama huiangukia betri. Mpya hununuliwa kwa pesa nyingi, na haupiti muda mambo yanarudi yale yale.

Kwa maoni yangu, mtuhumiwa wa kwanza asiwe betri. Awe athi.

Athi ni ule waya mnene, kwa kawaida mweusi, unaotoka upande hasi wa betri na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Umeme ukishatoka betrini lazima urudi. Huanzia upande chanya, hupita kwenye fyuzi na swichi hadi kwenye taa, kisha hurejea betrini kupitia chuma chenyewe cha gari. Mpangilio huu huokoa shaba nyingi na ni mzuri, ila maana yake ni kwamba karibu kila kifaa ndani ya gari kinategemea bolti chache tu. Waya wa kwenda huwekewa fyuzi, hupewa rangi, huchorwa kwenye ramani ya gari. Bolti ya kurudi hukaa chini ya zulia au nyuma ya kiti, penye vumbi na unyevu, na ikishafungwa mara moja husahaulika.

Sasa tuangalie hesabu, maana hapa hesabu ndiyo inayofichua mambo. Mwaka 1827 mwanafizikia Georg Ohm wa Ujerumani alichapisha kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo: volti zinazopotea mahali fulani ni mkondo unaopita hapo mara ukinzani wa mahali hapo. Chukua bolti ya athi iliyoshika kutu hadi ikawa na ukinzani wa omu 0.1. Ni kiasi kidogo mno, na mita nyingi za bei nafuu haziwezi kukipima sawasawa. Taa ya LED inayotumia nusu ampea itapoteza hapo volti 0.05 tu, na hakuna jicho litakalogundua. Washa sasa inveta inayoendesha blenda na kuvuta ampea 30. Zinapotea volti 3 nzima. Betri ina 12.6, inveta inapokea 9.6. Inveta nyingi za mfumo wa volti 12 hujizima umeme ukishuka kwenye 10.5 hivi ili kuilinda betri, kwa hiyo inazima. Ikizima, mkondo unakoma. Mkondo ukikoma, hakuna kinachopotea tena. Inveta inaziona volti 12.6 zikiwa zimerudi, na ikiwa ni ya aina inayojiwasha, inajiwasha, kisha mzunguko unaanza upya.

Ni kama kivuko cha feri cha Likoni: usiku wa manane magari machache hupita bila kusumbuka, lakini saa za kwenda kazini mlango ule ule huzaa foleni ndefu. Ungio bovu huonekana zima mpaka lipewe mzigo.

Volti hizo 3 zilizopotea nazo hazipotei bure. Ampea 30 zikipita penye upotevu wa volti 3 hutoa wati 90 za joto, zote kwenye kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Chuma hutanuka, mguso hubadilika, kikipoa husinyaa, na kila mara hiyo nati hulegea kidogo. Ndiyo sababu stima hukatika baada ya dakika kadhaa za matumizi na kurudi baada ya mapumziko, kana kwamba gari limejiponya.

Lakini mbona hapa Diani, na si Nairobi? Mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjikia kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo. Kila kipovu kinapopasuka hurusha matone madogo sana ya maji ya bahari. Maji hukauka hewani, chumvi hubaki ikielea, na upepo, uwe kusi au kaskazi, huisukuma nchi kavu. Pitisha kidole kwenye kioo cha gari lililolala ufuoni kisha kionje. Chumvi hiyo ina tabia ambayo kila mpishi wa Pwani anaijua kwa kuiona koponi: unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, huvuta maji kutoka hewani hadi ikayeyuka. Hapa kwetu usiku na alfajiri hupita kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo bolti yenye vumbi la chumvi hulowa usiku hata kama mvua haijanyesha kwa muda mrefu, na jua la mchana huikausha tena. Maji ya chumvi yakikutana na metali mbili tofauti, shaba ya waya na chuma cha bodi, hufanya betri ndogo isiyotakiwa, na kinacholiwa hapo ni chuma cha gari lako.

Kutu ya shaba hujitambulisha kwa unga wa kijani. Kinachonitisha zaidi ni ile isiyoonekana. Maji hujipenyeza kati ya nyuzi za waya, chini ya plastiki, yakipanda mbali na mwisho wake. Chuna plastiki ya waya mzee wa gari la Pwani, umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye ungio, na unaweza kukuta nyuzi nyeusi zinazokatika kwa kuguswa, ilhali kwa nje waya ni mzima kabisa. Ndiyo maana waya bora wa vyombo vya baharini hutengenezwa kwa nyuzi za shaba zilizopakwa bati. Mwenye gari la kulala anayekusudia kukaa ufuoni angefaa kuuiga ujuzi huo wa mashua.

Barabara nazo zina mchango wao. Njia za murram za Kwale, kama zile za ndani ya Shimba Hills, hutikisa kila nati. Waya ulioungwa kwa risasi huwa mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko huzikata nyuzi hapohapo, moja baada ya nyingine. Waya uliobanwa vizuri kwa plaisi maalumu hustahimili zaidi. Kwenye vani zenye paa la kuinuka, tazama kwanza waya unaopanda paani: hujikunja kila paa linapofunguliwa, na siku moja hukatika ndani ya ngozi yake.

Sasa kuhusu kupima. Kosa kubwa ni kupima gari likiwa limepumzika. Washa kwanza kile kitu kinacholeta matata, kisha weka mita kwenye volti. Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha betri upande hasi, ile risasi yenyewe, si kibano kilichoishika. Ncha nyekundu iguse chuma cha bodi kisicho na rangi. Kama kila kitu ni safi, mita itaonyesha chini ya volti 0.2. Ikionyesha nusu volti au zaidi, mwizi yuko kati ya ncha hizo mbili. Sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua kurudi betrini: kwenye bolti, kwenye pete ya mwisho wa waya, kwenye waya, kwenye kibano. Namba itakaposhuka ghafla, umelivuka ungio bovu. Rudia vivyo hivyo upande chanya, ukipima pia pande mbili za kila fyuzi, na utikise waya kwa mkono huku ukiitazama mita.

Mafundi wengi wa jua kali hupima kwa balbu ya taa kubwa ya gari badala ya mita, na wako wanaowadharau kwa hilo. Mimi nawaheshimu. Balbu ya wati 55 huvuta zaidi ya ampea 4, kwa hiyo tayari ni mzigo, na ikiwaka kwa rangi ya kutu badala ya weupe imekwisha kusema ungio halipitishi. Mita isiyo na mzigo isingesema hivyo.

Si kila kukatika ni athi. Rilei inayounganisha betri ya injini na betri ya ndani huchakaa. Betri ya lithiamu ina kidhibiti chake, nacho hukata umeme joto likizidi. Magari mapya kutoka Ulaya yana altaneta, mashine ya injini inayochaji betri, ambayo hupunguza volti kimakusudi ili kuokoa mafuta, na rilei ya kawaida hudhani injini imezimwa. Hayo yapo, lakini hupimwa baada ya maungio, kwa sababu kusafisha ungio ni kazi ya bei ndogo kuliko zote.

Kusafisha kwenyewe ni hivi. Vua pete na saa ya chuma mkononi, kwa maana betri ya volti 12 haikupigi shoti lakini ikigusanishwa na chuma hutoa mamia ya ampea na kuchoma hadi mfupa. Fungua upande hasi kwanza, na ndio ufungwe mwisho. Osha vichwa vya betri kwa magadi ya soda yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, usiyaache yaingie ndani ya betri, kisha suuza na ukaushe. Bolti ya athi ipige msasa pamoja na chuma chini yake hadi ving'ae, kaza, na upake mafuta ya mgando juu yake ili hewa ya chumvi isipate njia. Waya uliokuwa mweusi ndani usisafishwe, badilisha.

Usingoje. Diani na Msambweni kuna mabanda mengi ya makuti, na magari huegeshwa ubavuni mwake kwa ajili ya kivuli. Ungio linalotoa wati 90 chini ya godoro, mita chache kutoka kwenye makuti makavu ya majira ya kaskazi, ni hatari ya moto kwa aliyelala ndani ya gari na kwa jirani yake.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi Ukunda, usimwambie akubadilishie betri. Mweleze stima hukatika ukiwasha kitu gani, saa ngapi, gari likiwa limesimama au likienda. Kisha mwombe aipime athi huku kitu hicho kikiwaka, na usikubali kununua chochote kabla hujaiona namba kwenye mita kwa macho yako.